Siku Nilipomupa Bokilo Mugongo Kando ya Bahari

Bon, nitaisema mwenyewe, kwa kinywa yangu, kwa sababu hii mambo inatembea Kisangani muzima ndani ya matelefone, na juzi kwenye soko ya Mangobo nimesikia mama mumoja akimuambia mwenzake ya kwamba mimi nilienda mpaka Ulaya kuvua nguo mbele ya watu. Sikuvua. Pantalo ilitoka yenyewe, na mutu asiyeona tofauti hapo asije kununua kwa depo yangu. Aibu ni yangu, sikatai, nitaibeba. Lakini kama ni lazima muicheke, basi muicheke vile ilivyokuwa.

Wengi mnanijua. Depo yangu iko Makiso: chumvi, sabuni, sukari, unga. Masomo niliacha ningali mudogo, nikashuka toka milima ya Butembo nikikaa juu ya magunia ya maharagwe ndani ya lori, nikaanza hapa kwa toleka, ile baiskeli ya kubeba watu nyuma, nikapiga pedali mpaka jasho ikanifungia macho, na leo watu wenye diplome wananiita patron. Sisemi hivyo kwa kujisifu (ni kwa kujisifu kidogo), nasema ili muelewe kwamba ule mutu aliyeenda Italia hakuwa mutu wa hovyo.

Binti yangu Furaha anafanya kazi kule, anatunza wazee katika muji mudogo kando ya bahari, na kule akapata muchumba, Matteo, kijana mupole, anaongea Kifaransa vizuri. Tatizo ni mama yake. Matteo ni mutoto pekee wa mujane mumoja anaitwa Loredana, na huyu mama alisema: kama baba wa binti haji nimuone kwa macho yangu, sitoi baraka. Na Matteo alikuwa amemuambia Furaha wazi, bila baraka ya mama hakuna ndoa. (Kwetu familia ya kijana njo inakuja kwa baba wa binti, inakaa, inangoja, inatoka jasho. Lakini ningefanya nini? Nikapanda ndege mimi.)

“Papa,” Furaha aliniambia kwa telefone kabla ya safari, “nakuomba kitu moja tu. Mama Loredana akupende.”

“Mutoto, nani hajanipenda mimi?”

“Batu mingi, Papa.”

Na bibi yangu naye, Mama Furaha, wakati ananifungia valizi: “Ule ni bokilo yako sasa. Umuheshimu. Usitupatishe haya.”

Kwa wale ambao hawajui: bokilo ni mukwe, mutu uliyeunganishwa naye kwa ndoa, na kwetu bokilo si mutu wa kuchezea. Hukai kwa kitanda yake, huongei naye maneno ya ovyo, na kama kwa bahati mbaya umemukuta akioga mutoni, unamupa mugongo mbio mbio, unakohoa, unafuata njia ingine hata kama inapita kwenye miiba. Na kama umemuona kabisa, unatuma mbuzi, ili macho yako isafishwe. Hivyo njo nilifundishwa, hivyo njo nimeishi, na hivyo njo niliingia na Italia.

Siku ya kwanza Furaha na Matteo wakanitembeza. Muji wenyewe ni muzuri, nitasema ukweli, nyumba za rose na za manjano zimepandana juu ya mwamba kama watu wanaotaka kuona mupira. Tukaingia kanisa ya marumaru, nikapiga magoti, nikawaombea wote wawili. Tukapanda ngazi mpaka kwa munara mumoja wa taa ya meli. Tukashuka kwa bandari ya zamani, wakaninunulia ile barafu ya maziwa ndani ya biskuti, nikaila nimesimama barabarani kama mutoto wa shule, ikatiririka juu ya kravati. Maana nilikuwa nimevaa, hein! Suti ya buluu ya vipande vitatu, bretele za mabegani za kushikilia pantalo, kofia, viatu ya ncha.

“Papa, joto,” Furaha akasema. “Utoe hata koti.”

“Ninaenda kwa bokilo ao siendi?”

“Unaenda, lakini…”

“Alors!”

Mama Loredana, wakaniambia, anatungoja kazini. Nilikuwa nimeshasikia kwamba ni mufanyabiashara kama mimi, anakodisha viti na miamvuli na mitumbwi kwa watu wanaokuja kupumuzika, alianza na viti vibovu vya marehemu bwana yake na leo sehemu nzima ya pwani ni yake. Nikasema moyoni: huyu tutaelewana. Nikaona mbele yangu biro, meza, mama mwenye miwani na liputa nzuri, ile kitenge ya kufunga kiunoni. Nikapanga hotuba.

Tukatokea kwenye muchanga.

Watu wa Kisangani, sijui niseme nini. Kila mahali miili. Imelala chali, imelala kifudifudi, imepakwa mafuta kama samaki wa kukaanga, na katikati yao mama mumoja wa umri wangu akasimama toka kwa kiti, akafungua mikono miwili, akaanza kunikimbilia akicheka. Alikuwa amevaa vipande viwili vya kitambaa ambavyo nikivikunja vyote vinaingia ndani ya kiberiti, na filimbi shingoni. Katika vitu vyote alivyovaa, filimbi njo ilikuwa kubwa.

“Papa,” Furaha akasema, “Mama Loredana ndiye huyu.”

Hapo njo nilichukua uamuzi wangu mudogo. Ningeweza kufumba macho. Ningeweza kuanguka na kujifanya mugonjwa, joto ilikuwapo, wangeamini. Mimi nikafanya vile mutu mwenye heshima anafanya: nikamupa mugongo. Nikakohoa. Nikapeleka mukono nyuma ili anisalimie, nikaitangazia bahari kwa sauti: “Bonjour, bokilo!”

Mama hakushika mukono. Akazunguka aje mbele. Nikageuka. Akazunguka tena, nikageuka tena, mbio zaidi, akaanza kucheka akifikiri ni dansi ya kwetu, na watu waliolala wakakaa, wakaanza kutupigia makofi ya kufuata hatua. Tulizunguka hivyo mpaka viatu yangu ikajaa muchanga.

“Papa, unafanya nini?” Furaha, kwa sauti ya chini.

“Mwambie avae.”

“Amevaa, Papa! Hapa ni plage, ni pwani ya kuogelea!”

“Basi nitangoja mpaka avae zaidi.”

Kungoja wapi sasa? Huku miili, kule miili. Upande wenye heshima ulikuwa mumoja tu, upande wa maji. Na pale majini ilikuwa inaelea, imefungwa kwa kamba, mutumbwi ya plastiki yenye viti viwili na pedali. Pedali! Nikasema Mungu amenikumbuka. Nikafungua kamba, nikapanda na suti yangu, viatu ikaingia maji kidogo, si kitu, nikaanza kupiga pedali kuelekea mbele, macho kwenye bahari tupu, na kusema kweli raha ilinishika. Mimi niliyebeba mama wawili wanene nyuma ya toleka toka Mangobo mpaka Makiso wakati wa mvua, hii njo ingenishinda?

Nyuma yangu nikasikia filimbi.

Muelewe jambo moja. Kwetu Kisangani, dereva wa toleka akisikia filimbi nyuma yake, ni polisi wa barabara anataka kitu, na mwenye akili hageuki kuuliza, anaongeza mbio. Muguu yenyewe inajua, haingoji kichwa. Filimbi ikalia tena, nikaongeza. Ikalia kwa hasira, nikasimama juu ya pedali. Nikapita mipira mikubwa mikundu iliyofungwa kwenye kamba (nikafikiri ni nyavu za wavuvi, kama zile za watu wa Yanonge, nikazizunguka kwa adabu, kumbe njo mupaka wa kuogelea), nikaenda, nikaenda, na sikugeuka hata mara moja kwa sababu nyuma kulikuwa bokilo.

Kisha upepo ukaja. Mutumbwi ikaanza kuruka-ruka, nikashika kofia. Sasa kurudi. Lakini kurudi ni kugeuza mutumbwi, na kugeuza mutumbwi ni kutazama pwani. Nikafikiri sana. Nikapata akili, na mpaka leo naona ilikuwa akili nzuri: nikapiga pedali kinyume. Ikakubali! Nikaanza kurudi Italia kwa matako, macho yangu yangali baharini, heshima yangu muzima.

Mpaka ile mipira mikundu. Nilifika juu ya kamba yao, kamba ikaingia chini kwenye pedali, ikajizungusha, kila kitu ikakwama, na mutumbwi ikageuka yenyewe, polepole, ikanipeleka uso kwa uso na pwani. Watu wote walikuwa wamesimama. Telefone zote juu. Na huyu hapa Mama Loredana anakuja, amesimama ndani ya mutumbwi mukundu wa kuokolea watu, anavuta kasia mbili kama muvuvi wa Wagenia wa kwetu, akipiga kelele.

Nikafunika uso na kofia.

Nikasikia mutumbwi yake inagonga yangu. Nikasikia sauti yake karibu kabisa, na hata kama sijui Kiitaliano nilielewa kwamba ananiambia nishike mukono. Nikafumba macho vizuri, nikapeleka mukono kule, nikashika hewa, nikapeleka muguu, nikakanyaga hewa.

Mimi ni mutu wa milima. Sijui kuogelea. Nilipofungua kinywa kumuita Bikira Maria, bahari ikaingia kabla ya jina lake. Niliona kijani, niliona povu, nilimuona marehemu mama yangu ananiuliza nguo zangu ziko wapi, na kweli zilikuwa zinaondoka, kwa sababu Mama Loredana alinishika kwa bretele, bretele zikakatika, pantalo ikajaa maji, ikanishuka, ikaenda zake. Akanishika tena kwa gilé, kile kizibao cha suti, akaniinua kama gunia ya chumvi, akanitupa ndani ya mutumbwi yake kifudifudi.

Na hapa njo tunafika kwa kaleso, ile chupi yangu. Mama Furaha aliishona kwa kipande kilichobaki cha kitambaa cha sikukuu ya parokia, na maandishi ya sikukuu ilianguka nyuma kabisa, kwa herufi kubwa: TUSONGE MBELE. Wataliano hawakuweza kusoma. Ninyi mmesoma.

Kwenye muchanga Mama Loredana hakucheka tena. Aliongea muda murefu, mukono wake ukinionyesha, na Matteo akawa mweupe kuliko alivyozaliwa. Furaha alikuwa analia.

“Anasema nini?” nikauliza, nikijifunika na kofia mahali ninapoweza.

“Anasema: amekuja kunisalimia, akanipa mugongo. Nimepiga filimbi ya kumuokoa, akanikimbia. Nimemupa mukono, akaona heri azame. Anasema anajua sababu, sisi tuna depo na magari, na yeye ni mutu wa kukodisha viti, tunamuzarau. Anasema Matteo arudi nyumbani, ndoa imekwisha.” Akapangusa macho. “Papa, nilikuomba kitu moja tu.”

Hiyo ilinichoma kuliko chumvi machoni. Hotuba yangu ilikuwa imezama, sikuwa nayo tena. Nikamuambia Furaha: tafsiri neno kwa neno, usipambe. Nikasema, nikiangalia vidole vya miguu yangu: “Bokilo, kwetu mutu haangalii mwili wa bokilo. Si kwa sababu ni mubaya. Kwa sababu ni wa heshima. Ningekuzarau, ningekuangalia kabisa, ningekaa na kiti.”

Furaha akatafsiri. Kisha mama akauliza, naye Furaha akanitafsiria: “Na kama mutu amemuona bokilo, inakuwa nini?”

“Anamutumia mbuzi.”

“Na kama bokilo wote wawili wameonana?”

Nikafikiri. “Mwambie kwetu hakuna mutu amekwisha kufika mbali hivyo.”

Mama Loredana akaniangalia, akaangalia kaleso, akaondoka, akaingia ndani ya kibanda chake cha mbao. Nikasema imekwisha. Mulango ukafunguka, akatoka amevaa koti ya mvua ya wavuvi, ya manjano, imefika kwenye visigino, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, na buti, katika lile jua. Mukononi alikuwa na kitambaa cha maua. Akanifunga nacho kiunoni yeye mwenyewe, kama mama anavyofunga liputa, akaweka mikono kwenye mabega yangu, akanibusu shavu hili na hili.

“Bokilo,” akasema.

Siku ile nilikula samaki kwa meza yake nimevaa liputa ya maua, na yeye jasho inamutiririka ndani ya koti, akikataa kuivua. Wateja walipomuita alikuwa anawafokea toka mezani vile ninavyofokea mimi kule depo. Baraka ilitoka kabla ya kahawa.

Sasa nimeapa: mahali popote nitakapoalikwa kando ya maji, kabla ya kufunga kravati nitauliza kwanza wenyeji watakuwa wamevaa nini. Na njo mambo imeanza tena, kwa sababu Mama Loredana amekubali kupanda ndege, anakuja Kisangani kwa ndoa, na Furaha amenipigia na swali moja toka kwake: amesikia tuna muto mukubwa, je, alete nguo yake ya kuogelea?

Nimemuambia Furaha amujibu kwamba muto umejaa mamba, mpaka mbele ya kanisa. Na akifika akauliza mamba wako wapi, mimi nitawatafuta.