Sangari kwenye Kaburi la Wekesa

Mzizi wa sangari ukikatwa hutoa harufu tamu, kama muwa mchanga uliochanganyika na udongo uliolowa. Wiki iliyopita jirani yetu mpya hapa Kitengela alileta vijana wa kumlimia kiploti chake, na harufu hiyo ikaruka ukuta ikanikuta nikianika nguo. Nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza. Nguo zilibaki kwenye beseni hadi zikaanza kunuka. Tangu tumzike mama mwezi uliopita, vitu vidogo vya aina hiyo hunisimamisha. Sina elimu ya kuvieleza vizuri, kwa hiyo nitawasimulia tu jinsi ilivyokuwa.

Nilipokuwa na miaka minane hivi, upande huu wa mji, ukielekea Kisaju, ulikuwa na nyumba chache, na punda milia walipita nyuma ya choo chetu bila kuomba ruhusa. Baba alipakia mawe machimboni. Alinunua kiploti kabla ya kununua kitanda, na nyuma ya nyumba ya mabati mama akapanda sukuma wiki. Mapato ya baba yaliishia kwenye unga na karo. Kilichoandamana na ugali kilitoka shambani.

Adui wa shamba alikuwa sangari. Kwa wasiozijua, ni nyasi zinazotambaa, zenye mizizi myeupe ya vifundo, na kifundo kimoja kikibaki ardhini huota upya kama vile hakikuguswa. Mama alisema sangari ni kama shemeji: ukimpa kiti, anaomba kitanda. Baba, ambaye ndugu zake ndio hasa waliokuwa wanasemwa, alijifanya hasikii.

Mama alilima wakati wa kiangazi, udongo wetu mweusi ulipokuwa umepasuka hadi mguu wangu ukaingia kwenye nyufa. Alitumia fokojembe, lile jembe la meno, kwa sababu jembe la kawaida hukata mzizi mmoja ukawa mitatu. Nilimfuata nyuma nikiokota vipande na kuvitundika kwenye seng'enge vikauke juani. Ua wetu ulionekana kama umeota mvi. Wapita njia walituuliza kama tunauza dawa ya tumbo.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo jembe halikufika. Kwenye kona ya chini alilala mdogo wangu Wekesa, aliyeishi siku chache tu. Kwetu Wabukusu jina hilo hupewa mtoto wa msimu wa mavuno, ingawa mwaka ule hapa hatukuvuna hata jani. Mtoto mchanga kama yule hakusafirishwa hadi nyumbani Bungoma, kwa hiyo baba na wanaume wawili wa kanisani walimzika pale. Hapakuwekwa msalaba. Mama alitaka pawe udongo mtupu, na alipafagia kila asubuhi. Kwao, kaburi lenye majani ni la mtu aliyekosa watu.

Sangari ilipata maficho yake hapo. Mama hakuweza kuchimba kaburini, kwa hiyo aliing'oa kwa vidole, juu juu, na mizizi ikabaki. Ilipita chini kwa chini ikatokea katikati ya sukuma. Msimu wa kwanza tulipoteza matuta machache. Msimu wa pili ilikwenda karibu nusu ya shamba, na mama akawa na michubuko vidoleni isiyopona. Hata mimi, mtoto, niliona lililokuwa mbele yetu. Ama kona ile iguswe, ama tukose mboga.

Jumamosi moja baba alirudi na chupa ya dawa ya kuua magugu. Aliiweka juu ya jiwe, akavua kofia.

"Mama Nafula, mwenye duka anasema hii ukipulizia mara moja tu, inakufa mpaka mzizi."

"Utapulizia wapi?"

Baba alitazama kona, kisha akatazama kofia yake.

"Baba Nafula, huyo ni mtoto. Mtoto hamwagiwi sumu."

"Na huyu aliye hai atakula nini?"

Alinionyesha kwa kidevu. Nilitamani ningekuwa na tumbo dogo zaidi.

Wakati huo ndipo Kokoo alipoingia. Kokoo ni bibi kwa Kimaasai, na sote tulimwita hivyo, hata baba. Alikuwa jirani yetu wa kwanza, na alizoea kuja kuchukua majani ya sangari tuliyong'oa akawape ndama wake. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kama ilivyo desturi yao. Niwaambie ukweli, sikumpenda sana. Tangu mazishi hakuwahi kutaja jina la Wekesa. Alisema "yule mdogo" tu, kama mtu asiyejisumbua kukumbuka.

"Mnagombana na nani?" aliuliza.

"Na majani," mama akasema.

"Kila siku wewe na majani. Imekukosea nini?"

"Inakula mboga yangu, Kokoo. Na sasa inataka kumfunika mtoto."

Kokoo alienda hadi kona ile, akasimama akiegemea fimbo yake.

"Kila siku unamnyoa huyu mdogo," alisema. "Wacha nywele yake imee."

Baba alikohoa. Mama hakucheka wala hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Kokoo akainama, mgongo ukilia, akachuma fungu la nyasi palepale kaburini, akaja akamnyoshea mama.

"Kwetu watu wakigombana, mmoja akishika majani, wanaacha. Ng'ombe inaishi kwa majani, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Mungu ameweka baraka hapo. Mahali majani imekataa kuota, hapo ndio pametupwa. Shika."

Nilingoja mama amfukuze. Mikono yake ilining'inia tu, myeusi kwa udongo. Kokoo hakuushusha mkono wake.

"Na nikisahau alipo?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Si baba yake anafanya kazi ya mawe?" Kokoo alijibu.

Mama akapokea zile nyasi.

Wiki iliyofuata baba alileta kwa mkokoteni vipande vya mawe vilivyotupwa machimboni. Alichimba mtaro kuzunguka kaburi, mbali kidogo na mtoto, wenye kina cha kufika gotini, akasimamisha mawe ndani yake yakiwa yamebanana ili mzizi usipate pa kupenya. Nje ya mawe mama alilima na kuokota kila kifundo. Ndani aliacha majani yaote. Ile dawa mwenye duka alikataa kuipokea tena, ikakaa miaka juu ya paa la choo. Sangari haikuisha mara moja. Ilichungulia hapa na pale kwa mvua mbili nzima, lakini sukuma ilipata nafasi, nasi tukala. Na kona ile ikawa ya kijani hata wakati wa kiangazi, kiasi kwamba mgeni akiingia aliiona kabla ya kuiona nyumba.

Kuhusu Kokoo nilielewa nikiwa mtu mzima, niliposimama sokoni na mjukuu wake tukiuza nyanya. Aliniambia kwamba wazee wao hawalitaji jina la aliyefariki. Ile "yule mdogo" ilikuwa heshima.

Kuhusu mama nilichelewa zaidi. Utotoni niliona ameshindwa na nyasi, na nilimwonea aibu kidogo mbele ya jirani. Ilibidi nizae kwanza. Mama alikaa na Wekesa siku chache tu, na kazi pekee aliyobakiwa nayo ya kumfanyia ilikuwa kumng'olea majani. Kokoo alimwomba aiache. Alipounyosha mkono na kuzipokea zile nyasi, mama alikuwa anamwachisha mtoto ziwa, na aliyafanya hayo amesimama, mbele yetu, bila kilio.

Mama mwenyewe tulimlaza Bungoma, mbali na mikono yangu. Juzi binamu yangu alinipigia simu. Alisema mvua imenyesha huko, majani yameanza kuota juu ya shangazi, je, ayang'oe?  Nikamwambia ayaache.