Kipimo cha Kitanda

Mtaani walimwita Bi Kamba, jina ambalo hakulipenda hata kidogo, ila alilistahili. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo madogo: maduka, saluni, zahanati za vyumba viwili. Kabla hajagusa karatasi alipigilia vigingi kiwanjani, akafunga kamba, akamwaga chokaa, halafu akawaita majirani waje kulizunguka jengo ambalo halijazaliwa. Mwisho, na hapo ndipo watu walipomcheka, aliagiza kitanda kiletwe. Wanaume wanne walikibeba, mtu kalala juu yake, wakapita nacho kwenye kila upenyo uliobaki. Kisipopita, kamba zinahamishwa.

"Manispaa wanataka upenyo," alikuwa akisema. "Mimi nataka mgonjwa apite."

Usidhani alikuwa mpole. Fundi mmoja alisogeza msingi akidhani hataonekana, akakimbizwa naye kwa koleo la zege mpaka barabarani, watu wakiangalia. Ukali huo aliurithi kwa baba yake, mzee aliyepiga kwanza na kuuliza baadaye, na mrithi mwenzake alikuwa kaka yake, mwenye bucha pale kwenye kona. Utotoni kaka alimvunjia rula mgongoni, naye akamng'ata sikio. Kovu lipo mpaka leo. Walipendana, lakini upendo wa nyumba ile ulikuwa na meno.

Kaka alipoamua kubomoa bucha na kujenga jengo la maduka, nani mwingine angemchorea? Bi Kamba akafunga kamba zake. Maduka mawili chini, yenye baraza la mbele linaloungana na mabaraza ya majirani, maana mtaa mzima watu walijikinga mvua kwa kupita barazani. Juu chumba cha ofisi, kimerudishwa nyuma ili paa lisiwakalie wengine kichwani. Na pembeni, kichochoro kibaki kilivyo. Nyuma ya kiwanja hicho aliishi fundi wa kuchomelea, waliyemwita Cheche, pamoja na mama yake ambaye hainuki kitandani. Njia yao ya kutokea ilikuwa kichochoro hicho tu.

"Kichochoro kile ni duka zima!" kaka alifoka, panga la nyama mkononi. "Unamgawia Cheche duka langu?"

"Mama yake akizidiwa atatolewa wapi, kaka? Juu ya paa?"

"Aote mabawa!"

Akaliteremsha panga kwenye gogo. Mfupa wa paja ukapasuka, kipande kikamrukia Bi Kamba shavuni. Hakukipangusa.

"Ramani ndiyo hiyo," alisema. "Ukitaka nyingine, tafuta dada mwingine."

Kesho yake, kabla wateja hawajaanza kuja, kaka aling'oa vigingi, akavisogeza ndani ya kichochoro mpaka karibu na ukuta wa pili, na kamba na mafundo yake vilevile, kisha akazungushia mabati. Pakabaki nafasi ya mtu kupita kiubavu, tena mtu aliyefunga.

Cheche alipotoka aliona kamba. Mtaa mzima ulilijua fundo lile, kwa sababu kwao kamba ya Bi Kamba ilikuwa kauli yake. Hakuona mkono wa kaka. Aliona kwamba mwanamke aliyempitisha mama yake hapo kwa kitanda juzi kwa majaribio, wakicheka, leo amemfungia ndani kama kuku. Akaokota nondo, akaanza kuyapiga mabati, kelele zikajaa mtaa.

Bi Kamba alikuja mbio. Alijipenyeza kiubavu, gauni likachanika, akatokea uani kwa Cheche akihema.

"Cheche mwanangu, sikiliza..."

"Mwanao nani? Fundo lako hilo! Kamba yako hiyo! Umekula na kaka yako!"

Nondo ikapanda juu. Ya kwanza ilimpata begani, akapiga magoti. Ya pili haikushuka, kwa sababu kaka alikuwa ameshapenya mabati yake mwenyewe, panga mkononi, akinguruma kama mtu asiye na akili. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini wahenga hawakumwona dada yao chini. Cheche akageuka na nondo. Panga likateremka kwa nguvu ileile ya kuvunjia mifupa, na Bi Kamba, aliyewajua wanaume hawa wote wawili tangu wakiwa wadogo, akainuka katikati yao na kunyoosha mkono wa kulia.

Panga lilimpita kiganjani mpaka kwenye kifundo.

 Kaka ndiye aliyepiga kelele. Damu iliruka mpaka ukutani, na Bi Kamba, mwanamke mwenye mwili wake, akaanguka chali. Cheche alivua shati akaufunga mkono. Shati likalowa palepale. Wakajaribu kumnyanyua, akawaponyoka.

Sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini ya amri: "Nishusheni chini, wapumbavu nyie! Chukueni kitanda!"

Wakamlaza mama mkekani, wakatoka na kitanda, wakampakia Bi Kamba. Kwenye mabati kitanda kikagoma. Wakakilaza ubavu, mgonjwa akataka kudondoka. Wakarudi nyuma. Damu ilidondoka kwenye chokaa.

Wakakitua kitanda chini. Kaka aliyashika mabati kwa mikono mitupu, akayavuta, misumari ikilia, kingo zikimkata vidole, naye akiita, "Dada! Dada! Usilale!" Cheche akapiga mateke nguzo mpaka zikalala. Wakapita wakikimbia, kitanda kikikwaruza ukuta huku na huku.

Alipona. Mkono ulirudi naye kutoka hospitali, lakini haukushika tena. Cheche alimleta mama yake siku moja, juu ya kitanda, kuja kumtazama. Ilishajulikana ni nani aliyesogeza vigingi, na mama akamsonya mwanawe kila kijana alipoinua macho.

Siku aliyorudi mezani, Bi Kamba alijaribu kuchora kwa kushoto. Rula iliteleza, ikateleza tena, akaitupa ukutani kwa matusi ya baba yao. Kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, mikono imejaa makovu mapya, aliiokota.

"Nishike wapi?"

"Hapo. Ukisogeza, sikio la pili naling'oa."

Akaibana rula kwa viganja viwili. Penseli ikaanza kushuka kwenye ukingo wa kichochoro, mstari ukitetemeka.

"Ngoja," alisema kaka.

Bi Kamba akainua uso, tayari kwa vita.

"Kitanda kilikwaruza ukuta," kaka alisema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Ongeza kidogo."

 Bi Kamba aliinua penseli, akamwacha asogeze rula.