Sponji Kuukuu ya Furu

Nikikamua sponji kuukuu ya vyombo, harufu yake ya tope hunirudisha Kirumba, sebuleni kwa shangazi, ambako furu wake, samaki wadogo wa ziwani, waliishi kwenye tangi la kioo.

"Hao mnawakaanga lini?" wageni waliuliza wakicheka.

"Ziwani sangara anawamaliza," shangazi alijibu. "Hawa wangu hatawapata."

Siku moja sponji ya chujio la tangi ilianza kumeguka. Shangazi alikata mpya kwenye kipande cha godoro. Mimi, nikitafuta sifa, niliikimbiza ile ya zamani bombani. Alinikuta na sabuni mkononi.

"Weka chini!"

"Lakini chafu, shangazi."

"Uchafu huo una vijidudu vinavyowasafishia maji. Ukiufua, tutawazika wote."

Alichota maji ya tangi kwenye beseni, akaikamulia ile mpya rojo la kahawia la ile kuukuu, kisha akazifunga zote mbili pamoja kwa uzi. "Kuukuu itaifundisha mpya kazi," alisema.

Kesho yake furu mmoja jike alikataa chakula, mashavu yamevimba. Niliamini sabuni ilimfikia kupitia vidole vyangu. Kila asubuhi nilimchungulia kabla ya uji, sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu akafungua mdomo. Wakatoka watoto, wadogo kama mbegu za nyanya. Kumbe furu hulelea mayai mdomoni.

Nilipiga kelele. Shangazi alikuja mbio na kanga ya kulalia, akachuchumaa mbele ya kioo, akaanza kuwahesabu kwa sauti. Kila alipopoteza hesabu, alicheka, akaanza upya.