Keki saba za Nivi

Leo nimejaza watu nyumba isiyo yangu.

Jirani yangu Nivi katoka Grinilandi, kule kwenye barafu. Mwanawe kaanza skuli leo. Kwao siku hiyo unaoka keki, unaacha mlango wazi, watu wanajiingilia. Hapa mtaani kwetu Azaiba nani anajua hayo?

Nimepita kumrejeshea sahani, nikamkuta kakaa peke yake na keki saba.

Roho iliniuma. Nikawaita wenzangu wote wa darsa la Qurani.

Wamekuja, mashallah. Lakini kwao Nivi mgeni hunywa kikombe kimoja akawapisha wengine. Sisi tumekaa.

Akaninong'oneza, "Bi Zuwena, hawa wanaondoka lini?"

"Si ulitaka watu, mwanangu?"

Akacheka, akateleka birika la nne.

Tumeshasali magharibi sebuleni kwake. Keki imebaki moja, aliye karibu aje.