Nilivyokwenda Maparoni Kuwa Mgeni wa Kabati

Niliitwa Maparoni nikawe mgeni. Si mgeni wa harusi wala wa hitima. Zuhura, rafiki yangu tangu chuo cha ualimu, anafundisha biolojia huko visiwani, nami nafundisha Kibiti mjini. Alinipigia simu akiwaka hasira.

"Shoga, tumeletewa hadubini mpya, mkuu wa shule kaifungia kabatini! Anasema haiguswi mpaka aje mgeni. Mtihani wa vitendo Jumatatu, na wanangu wa kidato cha nne hawajaishika. Basi njoo uwe mgeni."

Alhamisi alfajiri nilipanda bodaboda stendi ya Kibiti, nimevaa baibui la Idi na viatu vya visigino, maana mgeni asiye na visigino ni mpita njia tu. Vumbi la barabara ya Nyamisati likanipaka poda ya bure. Dereva aliniuliza naenda msiba gani. Nikamjibu, msiba wa sayansi.

Nyamisati nilipata boti ya mashine, nikakaa juu ya gunia la unga. Tulipoingia kwenye mikoko, nahodha, bwana mwenye maneno mengi, akaanza kunichimba.

"Unakwenda kwa nani, dada?"

"Shuleni. Nakwenda kufunguliwa kabati."

"Aa, lile la vioo! Sie twaliona dirishani, limependeza kwelikweli. Binti yangu Mwajuma yuko kidato cha nne, anasema kuna mashine ya kuonea vidudu."

"Ameona kidudu gani?"

"Ameona kabati."

Mchana tulifika Maparoni maji yamekupwa. Nilishuka kwenye tope la magotini, viatu mkononi. Zuhura alicheka mpaka akachuchumaa. Mkuu wa shule hakucheka. Aliitazama miguu yangu akipima kama ugeni huu unatosha, kisha akasema, "Karibu sana, mheshimiwa," akatoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake.

Ofisini, kabati lilikuwa limepambwa kama la vyombo vya bibi harusi. Vikombe vya kioo vya maabara vilikuwa bado na karatasi za dukani. Hadubini ilikuwa ndani ya nailoni yake, na juu ya nailoni kitambaa cha kufuma. Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wamebandika pua kwenye kioo. Mkuu aliitoa kwa leso, akanipitishia mbele ya macho, akasema, "Vifaa vipo." Akairudisha, akatia kufuli.

"Sasa tukale, mheshimiwa."

Mezani kulikuwa na wali wa nazi, kamba na kachumbari. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Nilinawa, nikaketi, mikono nikaiweka mapajani.

"Mbona huli?"

"Nitakula, Mwalimu, watoto wakishaitumia hadubini."

"Astaghfirullah! Mgeni atoke kwangu na njaa? Watu watasemaje?"

"Watasema."

Aliitazama sahani, akautazama mlango, ambako mama wapishi walikuwa wameshasikia kila neno. Akaushika ufunguo kama anayeng'olewa jino, akalifungua kabati.

Zuhura alichukua kitunguu jikoni, akabandua utando wake, akauweka kwenye kipande cha kioo chini ya hadubini. Foleni ikapangwa. Mwajuma, binti wa nahodha, aliinama, akakataa kubanduka.

"Mwalimu, vyumba! Kitunguu kina vyumba!"

Machozi yalinitoka, nikakisingizia kitunguu. Wali niliula umepoa. Magharibi ilipoingia mkuu akafunga kabati, nusu ya foleni bado imesimama.

Ijumaa nilirudi Kibiti na tope langu. Sijavua hata baibui, simu ikalia. Zuhura aliniambia kufuli halijaguswa tena, na waliobaki wanamlilia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimu wenzangu, mnaoomba vifaa kila mwaka, mimi nimejifunza kuomba wageni. Nina shangazi mwenye sauti nzito na mkoba mkubwa. Kesho anapanda boti. Ameniuliza kama kamba watakuwepo. Nimemwambia watakuwepo, ila asiguse hata mmoja kabla mtoto wa mwisho kwenye foleni hajainua kichwa.