Jina la Ishtiaq Katika Mnyororo

Mume wangu, Ishtiaq Malik, alisaga vioo vya miwani kwa miaka thelathini na moja katika duka dogo pale Hurlingham, na sikumbuki mteja aliyerudi kulalamika. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri alifundisha hadithi za Mtume katika chumba cha juu cha msikiti wetu, Parklands, bila kudai hata kikombe cha chai. Alifariki Februari 2004. Naandika haya kwa sababu miezi mitano baadaye watu wa chumba kile kile walijaribu kumfuta.

Lazima msomaji ajue alivyofundisha. Darasa likiisha, Ishtiaq alichukua kalamu ya wino wa kijani akaandika pembezoni mwa kitabu chake tarehe na majina ya waliosikia. Sisemi waliohudhuria; nasema waliosikia. Aliyechelewa aliandikiwa mahali alipoanzia. Aliyesinzia aliandikwa kuwa amesinzia, na hakuruhusiwa kusema ameipokea hadithi ile mpaka aisome upya.

"Ndivyo walivyofanya wa zamani," aliniambia nilipomcheka. "Maneno ya Mtume hayapokewi kwa kukoroma."

Mwanafunzi wake hodari alikuwa Twahir Ogutu, fundi wa mabomba wa Kinoo, aliyesilimu ukubwani. Alikuja darasani na kisanduku chake cha spana, akakiacha mlangoni pamoja na viatu. Jumamosi moja, Agosti 2003, walikuwa wakisoma hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, Ogutu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Tunafundishwa kwamba Maswahaba wote ni waadilifu. Lakini vitani, Siku ya Ngamia, Bi Aisha alikuwa upande huu na Sayyidna Ali upande ule, na watu wakauana. Sasa mwadilifu ni yupi?"

"Wote wawili."

"Haiwezekani, Mwalimu. Mimi na jirani tukigombania bomba la maji, lazima mmoja wetu amekosea."

"Amekosea, sawa. Je, kwa hilo amekuwa mwongo?"

Ishtiaq akaeleza kwamba wapo Waislamu wengine, wakiwemo Mashia, wasioikubali kauli ya "wote"; wao humpima kila Swahaba kwa matendo yake na husema wapo walioupoteza uadilifu. Alizitaja hoja zao bila kejeli, maana hakuwa mtu wa kumshinda asiyekuwepo. Kisha akajibu kwa msimamo wetu sisi Masuni: uadilifu wa Maswahaba hauna maana kwamba hawakukosea. Maana yake ni kwamba hawakumzulia Mtume uongo. Waliyogombania tunamwachia Mungu, na waliyotuletea tunayapokea.

"Ukitaka mpokezi asiyekosea kabisa," alimaliza, "ngoja malaika."

Nilikuwa nyuma ya pazia la wanawake. Niliyasikia yote.

Mwaka uliofuata, Julai, Ogutu alibisha mlangoni kwangu akiwa ameshika ijaza aliyoandikiwa na kamati ya msikiti, yaani cheti kinachomruhusu kufundisha na kinachotaja mnyororo wa walimu, kila mmoja na aliyempokeza. Alitaka kuanzisha darasa Kinoo. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Mama, hebu soma. Wamemruka Mwalimu."

Nilisoma. Eti Ogutu alipokea kutoka kwa Maulana Rafaqat, mwalimu wa mume wangu. Maulana Rafaqat alizikwa mwaka 1979! Wakati huo Ogutu alikuwa mtoto wa miaka mitano kule Siaya, akipelekwa kanisani na nyanya yake.

"Nikikipokea hiki," alisema, "darasa langu la kwanza litaanza na uongo. Nimekileta ukione tu; nimewaambia sikichukui."

Nimefundisha historia shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita. Baba mkwe wangu alifia katika nchi hii akiwa na jina safi, akamwachia mwanawe jina safi, na mimi sikulitunza ili lije lifutwe na kamati ya watu watatu na mashine ya chapa. Jumamosi ile nilipanda ngazi za msikiti nikiwa na kitabu cha Ishtiaq mkobani, Ogutu akinifuata, nikaikuta kamati imeketi chumba cha juu.

"Bi Farhat, sisi tulitaka kufunika aibu," alisema Haji Munawar, mwenyekiti.

"Aibu ipi?"

Katibu wake, Tanveer, muuza vigae aliyekula kwangu Idi tisa mfululizo, alikohoa. "Anti, kwa heshima zote. Mwalimu alisema baadhi ya Maswahaba hawakuwa waadilifu. Mpokezi mwenye dosari huondolewa. Hiyo ndiyo kanuni."

"Kanuni naijua. Na habari nayo ina mnyororo. Nani alimsikia?"

"Watu."

"Watu si jina."

Haji alisema aliambiwa na Aslam, mweka hazina. Aslam akasema yeye aliambiwa na Tanveer.

"Na wewe?"

"Nilisikia kwa masikio yangu," Tanveer alisema, kifua mbele.

Niliweka kitabu mezani na kufungua ukurasa. Haji alivaa miwani yake, na aliyeisaga simtaji, akasoma kwa sauti: "Tarehe 16 Agosti 2003. Ogutu, amesikia yote. Aslam, hayupo. Farhat, nyuma ya pazia, amesikia yote. Tanveer..." Akasita.

"Endelea, Haji."

"Tanveer, amesinzia tangu swali la Ogutu, ameamka katikati ya hoja za wapinzani, ametoka kabla ya jibu. Asome upya."

Ogutu, aliyesimama mlangoni, alishindwa kujizuia akacheka.

"Nilifumba macho tu," Tanveer alisema.

"Mpaka kwenye pazia tulikusikia ukifumba macho."

Haji alifuta paji la uso. "Basi, Bi Farhat, jina tutalirudisha. Yaishe kimya kimya."

"Kimya kimya?" Nilikifunga kitabu. "Mnawatetea Maswahaba wasisingiziwe, halafu mnamsingizia maiti, na mnaandika mnyororo wa uongo ili kuupamba! Mmeyasambaza kwa sauti. Yarudisheni kwa sauti."

Kiliandikwa cheti kipya pale pale mbele yangu. Baada ya magharibi, msikiti ukiwa umejaa, Haji alisimama akasema kwamba yaliyonenwa juu ya Ishtiaq Malik hayakuwa kweli. Ogutu akasoma mnyororo wake: "Nimepokea kutoka kwa Ishtiaq Malik, msaga vioo, naye kutoka kwa Maulana Rafaqat..."

Niliporudi nyumbani nilitafuta ile kalamu ya kijani. Pembezoni, chini ya mwandiko wa mume wangu, niliandika tarehe na majina ya waliosikia. La mwisho niliandika hivi: Tanveer, amesikia yote, yu macho.