Mlaza sigara wa Nakawa aliyejinyima udi

Saa moja asubuhi, Sitti Hamim amesimama mbele ya mlango wa chumba kisicho na dirisha, ndani ya ghala moja la eneo la viwanda la Nakawa, jijini Kampala. Ufunguo uko mkononi, lakini hafungui. Kwanza anamnusa mgeni wake.

Ananusa kwelikweli. Anasogeza uso karibu na kola ya shati la mwandishi wa makala haya, anavuta pumzi, kisha anakunja pua.

"Ssebo, bwana, umepaka nini?"

Mwandishi anajitetea kwamba ameoga tu, kwa sabuni ya kawaida.

"Hapana sabuni peke yake. Iko na ndimu, na iko na kitu ingine ya kwapa. Enda osha, halafu vaa hii."

Anamtupia koti la kazi la kijivu lisilonukia chochote. Mwandishi, mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni, anakwenda kunawa kama mtoto aliyerudi kucheza tope. Anaporudi ananuswa tena, na safari hii anapita.

Ndani kuna ubaridi wa kupendeza. Kuta zimepigwa mbao za mwerezi kutoka chini hadi juu, na rafu zake zimebeba visanduku vilivyopangwa kwa nafasi. Humo zimelala sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, zile ambazo wageni wa hoteli kubwa huagiza baada ya chakula na kuzivuta taratibu kama watu wasio na haraka ya maisha. Zimetoka mbali, kwa ndege na kwa meli, na bado hazijawa tayari kwa moto.

Kazi ya Sitti, mwanamke wa Kinubi mkazi wa Namuwongo, ni kuhakikisha hazifiki kwa mvutaji kabla hazijapumzika. Mwenyewe huiita kazi hiyo "kulaza."

"Sigara mpya iko kama mtu ametoka safari," anasema huku akiinua moja kwa vidole viwili na kuibonyeza polepole karibu na ncha. "Amechoka, ana jasho, ana hasira. Ukimwuliza maneno saa hiyo atakujibu vibaya. Mwache alale kwanza."

Hasira anayoisema inanukika. Anafungua kisanduku kilichowasili karibuni na kumsogezea mwandishi. Harufu kali inapanda puani, ile ya zizi la ng'ombe lisilofagiliwa. Kisha anafungua kingine kilicholala hapo tangu mwanzo wa mwaka. Kinanukia mbao, kahawa, na kwa mbali kabisa mkate unaotoka tanurini.

"Majani ni yaleyale," anasema. "Tofauti ni usingizi."

Usingizi huo una masharti yake. Hewa ikikauka, jani la nje hupasuka. Hewa ikilowa mno, ukungu hutambaa usiku na mchana, na chumba kikipata joto, wadudu wadogo wa tumbaku huanguliwa na kutoboa sigara kama mahindi yaliyosahaulika ghalani. Kampala ina mvua zake na ina jua lake, na umeme hukatika bila kuaga mtu. Sitti hutazama kipima unyevu kilichoning'inia ukutani, lakini akishaona mshale anafumba macho na kuvuta pumzi, kana kwamba anahakiki maneno ya shahidi.

Pua hiyo haikuanzia kwenye tumbaku. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa udi, aliyejulikana na kila mwenye harusi miongoni mwa Wanubi wa mtaani kwao. Alivunja vijiti vya sandali, akavilowesha katika sukari iliyochemshwa na manukato, kisha akavifungia kwenye mtungi na kuuficha chini ya kitanda. Mtoto aliyethubutu kuufungua kabla ya wakati alichapwa. Udi mbichi, alisema mama yule, unaumiza macho. Udi uliolala unaita wageni.

Sitti alikua akiuza udi huo sokoni Nakawa. Mume wake alipofariki na binti yao Sumayiya akiwa bado shule ya msingi, mtaji uliliwa na msiba, naye akaomba kazi ya usafi kwenye ghala la Haji Abdulghani, mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulihamia Kampala kutoka pwani zamani za babu zake. Haji mwenyewe havuti sigara. Anaziuza tu, na husema hivyo kabla hujamuuliza.

Na hapo ndipo Sitti alipoharibu kazi kwa namna ambayo ni mwanamke wa kwao tu angeweza kuiharibu.

Ilikuwa Ijumaa. Alitoka harusini kwa binamu yake, ambako wanawake walikuwa wamefukizwa udi tangu jana yake, nguo, nywele na ngozi. Akaenda kazini moja kwa moja, akinukia kama bibi harusi mwenyewe. Siku hiyo aliambiwa afute rafu za chumba cha sigara. Akazifuta kwa moyo wote, akapanga visanduku vizuri, akaacha vifuniko wazi ili vipate hewa, akafunga mlango.

Hakuna aliyemwambia kwamba sigara inayopumzika hunywa kila harufu iliyo karibu nayo.

"Baada ya muda hoteli moja ikapiga simu," anasimulia Haji Abdulghani, akicheka hadi kofia inayumba. "Mteja amelalamika kuwa sigara yake inanuka harusi. Nikafungua chumba. Wallahi, nilidhani nimeingia kwa bibi yangu mzaa baba! Rafu nzima ilikuwa udi mtupu."

Alimwita Sitti, naye akaja. Haji akamwekea sigara moja mkononi na kumuuliza imepatwa na nini. Mwanamke akainusa, akaanza kutaja: sandali, karafuu, miski, sukari iliyoungua kidogo. Kisha akaongeza jambo ambalo Haji hakuliuliza: kwamba chini ya udi huo kuna harufu kali ya zizi, na kwamba kwao kitu chenye harufu hiyo wangekirudisha mtungini.

"Nilikuwa nazituma hotelini mbichi," anakiri Haji. "Nilizoea kuhesabu visanduku, sikuwa nazinusa. Nikamwambia, Mama Sumayiya, fagio mpe mtu mwingine. Wewe kaa na chumba hiki."

Mshahara wake haujafika shilingi milioni moja kwa mwezi, lakini umemsomesha binti na umejenga vyumba viwili vya matofali kule Namuwongo, juu kidogo ya mahali maji ya mvua yanapofika. Hotelini wanaoijua kazi yake huuliza kwanza kama mzigo "umepita kwa mama." Amepewa heshima ambayo wengi wenye ofisi hawaipati.

Je, dini yake haimsumbui? Swali hilo ameshaulizwa, na jibu lake limekaa tayari.

"Mimi sijavuta hata siku moja. Mtu akiniuliza, nitamwambia awache, inaua. Lakini kitu ikiwekwa kwa mikono yangu, siwezi kuiacha ioze."

Bei ya kazi hiyo, hata hivyo, aliilipa nyumbani. Tangu alipopewa chumba hicho Sitti hajafukiza udi. Chetezo cha udongo alichoachiwa na mama yake kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa. Hajipaki mafuta yenye harufu. Harusini hukaa nje uani, upande upepo unakotokea, na sahani yake ya wali huletwa huko. Kwa Mnubi, mwanamke asiyenukia harusini ni kama amekuja kulipisha kodi ya nyumba.

Sumayiya, binti yake wa pekee, ambaye sasa ni fundi cherehani, anakumbuka sikukuu za utoto wake.

"Siku ya Idi sisi tunatoka kwa shangazi tumefukizwa, tunanukia vizuri. Tunakimbia kwa mama, naye ananyosha mkono hivi," anasema, akionyesha kiganja kilichosimama. "Anatusalimia kwa mbali, kama watu wa korona. Mimi nilikuwa nalia. Nilidhani hanipendi nikiwa msafi."

Juma hili mkono huo uliosimama umeletewa mtihani. Jumamosi Sumayiya anaolewa na Latif, dereva wa lori. Kwa desturi ya nyumba yao, Alhamisi kabla ya harusi bibi harusi huketishwa juu ya moshi wa udi akiwa amefunikwa blanketi, na anayeshika pindo za blanketi, ndani ya moshi huohuo, ni mama yake. Akikosekana mama, hushika shangazi, na watu husema maneno.

Sumayiya alikataa shangazi mapema kabisa. "Sitaki kitanda, sitaki sufuria," alimwambia mama yake. "Nataka wewe uingie kwa moshi na mimi."

Sitti alikubali. Hesabu yake ilikuwa kwamba mzigo mkubwa wa sigara ungekuwa umefika na kulala zamani. Lakini mzigo ulikwama njiani, ukapigwa mvua bandarini, ukafika ghalani Jumatatu ya juma la harusi. Sigara zilikuwa zimevimba, ukungu mweupe ukianza kuchungulia kwenye visanduku vya pembeni. Zinapaswa kukaushwa kidogo kidogo, kwa mkono na kwa pua, maana ukiharakisha zinapasuka zote. Na atakayefukizwa Alhamisi hawezi kuingia chumba hicho mpaka udi umtoke kwenye ngozi na nywele, jambo ambalo huchukua majuma.

Haji hakumlazimisha. "Nilimwambia achague yeye," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Mzigo ni mali yangu, ila mtoto ni wake."

Jumanne Sitti alikuwa ameshachagua, na alichagua vibaya. Alimwambia Aciro, mwenzake anayefunga na kusambaza visanduku, kwamba atamwomba shangazi ashike blanketi.

Aciro ni binti wa askari, aliyezaliwa kambini na kujifunza Kiswahili huko, na hana kawaida ya kuzunguka maneno. Miaka yote wamefanya kazi mlango kwa mlango. Naye hajipaki kitu, kwa heshima ya mama huyu. Lakini hajawahi kuachiwa ufunguo hata kwa dakika ya kwenda kunywa chai.

"Nikamuliza, Mama Sumayiya, si wewe unasema sigara mpya inataka kuachwa?" anasimulia Aciro. "Akasema ndiyo. Nikamuliza, sasa wewe unaiachanga lini? Kila saa uko ndani, unafunua, unabonyeza. Hii chumba hailali sababu yako, banange!"

Sitti anacheka akisikia hayo yakirudiwa, kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa.

"Alinipiga mahali pabaya," anasema. "Mama yangu akishafunga mtungi alikuwa anakwenda shamba. Haurudii. Mimi nimeurudia mtungi miaka yote, naogopa. Si sigara naogopea. Naogopa kurudi kwa ile fagio."

Jumatano wanawake hao wawili walishinda chumbani pamoja. Zile zenye ukungu zilifutwa kwa kitambaa kikavu na kutengwa. Nyingine zilipangwa upya, zilizovimba sana juu, vifuniko vikiachwa wazi upana wa kidole. Sitti alimshika Aciro mkono na kumbonyezesha sigara moja baada ya nyingine, macho yakiwa yamefumbwa, mpaka akaacha kuuliza na kuanza kujibu.

"Hii bado," Aciro alisema.

"Na hii?"

"Hii imeanza kusikia."

Tunarudi kwenye asubuhi hii, ambayo ni Alhamisi. Sitti anamaliza kumwonyesha mwandishi chumba, anatazama kipima unyevu, anafumba macho, anavuta pumzi. Mzigo umeanza kutulia, ingawa bado haujapona. Kisha anafanya jambo ambalo ghala zima limesimama kulitazama, Haji akiwemo: anafunga mlango na kuuweka ufunguo kwenye kiganja cha Aciro.

"Asubuhi mara moja, jioni mara moja," anamwambia. "Katikati hapana fungua. Hata mimi nikija kugonga, hapana fungua."

"Ukija na udi nitakufukuza," Aciro anamjibu.

"Kale, sawa. Nifukuze."

Mpango wake ni kwamba akirudi kazini afanye kazi ya Aciro, nje ya chumba, mpaka harufu imtoke, na baada ya hapo wapokezane ufunguo. Wapwa wake watano bado hawajaolewa, na anataka kuhudhuria harusi zao akiwa ndani ya nyumba. Anataka pia kuutoa tena mtungi wa mama yake chini ya kitanda, aanze kutengeneza udi wa kuuza. Haji ameshaagiza wa kwanza.

Alasiri, Namuwongo, uani kwa Sitti kumejaa wanawake na vicheko. Chetezo kimeteremshwa kutoka kabatini, kimefutwa vumbi. Makaa yamekolea. Shangazi, ambaye alijiandaa kushika blanketi endapo Sitti angekosekana, amekaa pembeni akijifanya hajali.

Sitti anachukua kipande cha kwanza cha udi, anakishika muda mrefu juu ya moto bila kukidondosha. Anakidondosha. Moshi unapanda, yeye anainamisha uso ndani yake, na anapouinua mashavu yamelowa, wala hausingizii moshi.

Kutoka chumbani anatokea Sumayiya, amejifunga kanga, ameshaanza kufukizwa na mashoga zake tangu mchana na ananukia hadi barabarani. Anamwona mama yake, na kwa mazoea ya miaka anasimama hatua chache mbali, akingojea kile kiganja.

Sitti anafungua blanketi kwa mikono yote miwili.

"Njoo mwanangu," anasema. "Leo njoo karibu."